Karai la Kuka

Mimi si mtu wa kukaa. Muulize yeyote aliyewahi kunikaribisha chai: kikombe nakinywa nimesimama, sikio liko dirishani. Mtu akikohoa chumba cha pili, tayari niko mlangoni. Watoto wangu hunicheka. "Mama, hebu tulia, kwani nani anakufukuza?" Wanadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi! Nilifundishwa, na nilifundishiwa mtaani Tena, huko Eastlands, nikiwa msichana wa kidato cha pili, katikati ya miaka ya tisini, mwaka ambao babu yetu aliletwa Nairobi akiwa amepooza upande mmoja.

Tulimwita Kuka, jinsi Waluhya wengi wanavyomwita babu. Alikuwa babake baba. Mkewe alikuwa amekufa kitambo, kwa hivyo siku aliyoanguka shambani waliomwinua ni majirani. Baba akapanda basi kwenda kumchukua. Hospitali ikamlaza kidogo, kisha daktari akatuambia tumpeleke nyumbani, ila aoshwe kila siku, ageuzwe asipate vidonda mgongoni, alishwe polepole, na ule mkono uliolala unyooshwe asubuhi na jioni. Alisema hayo yote akimtazama mama. Mama akainamisha kichwa. Daktari, maskini, hakujua alichokuwa akiomba.

Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawali meza moja. Wakikutana uani, mama alikuwa akivuta leso na kupita kando, na Kuka naye alikuwa akigeuza uso kana kwamba ameona kitu cha maana sana ukutani. Si chuki jamani, ni heshima, tena walipendana kweli. Walikuwa wakipiga gumzo ukuta ukiwa katikati yao, mama anaosha vyombo huku, Kuka yuko chumbani kule, wanaulizana habari za mvua na za ng'ombe wa nyumbani. Hata kulala chini ya paa moja haikufaa. Ndiyo sababu mpangaji wetu wa ekstensheni, kile chumba cha uani ambacho karibu kila mtu wa mtaa wetu alikuwa amejenga nyuma ya nyumba, aliombwa ahame, na Kuka akawekwa humo.

Sasa, nani atamwosha? Kikao kilifanyika sebuleni na kikaisha kabla chai haijapoa. Tulikuwa wanne. Mama ametolewa na mila, hilo halina mjadala, na isitoshe alikuwa na kibanda chake cha chakula Industrial Area, anakowapikia vibarua wa viwandani ugali na maharagwe. Baba alikuwa karani mjini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Kaka yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na sasa alikuwa "anatafuta kazi," yaani ameketi kwenye kona na wenzake kutoka asubuhi hadi jua linapozama. Baba akasema kijana asifungiwe nyumbani, kazi huenda ikapita. Kisha wote wakanitazama mimi.

"Tena si huyu ndiye mke wake?" baba akasema, akacheka. Kaka naye akacheka.

Nieleze hapo. Babu na mjukuu wa kike kwetu wana utani wao. Tangu nikiwa mdogo Kuka alikuwa akiniita mke wangu. Nikienda likizo nyumbani alikuwa akinipokea kwa kelele: mke wangu amekuja, nani amekuvutia huko mjini, mbona hukuniletea sukari! Nami namjibu, mzee gani huyu hana meno, nitaolewa na kijana. Tulicheka mpaka machozi. Kumbe utani huohuo utakuja kunifunga kamba. Kicheko kimoja cha sebuleni, na kazi ikawa yangu.

"Ni kwa muda tu," baba akasema. "Muhula huu tu."

Mpaka leo mtu akiniambia "kwa muda tu" natafuta viatu vyangu.

Nikatolewa shule. Mama, ambaye sebuleni hakufungua mdomo, alijipenyeza kimyakimya hadi shuleni kwetu kumwomba mwalimu mkuu asinifute. Mwalimu mkuu alikuwa mama mkali, miwani puani. Akamwambia mama: namshikia kiti chake hadi asubuhi ya kufungua muhula wa pili. Asubuhi hiyo nikikikuta kitupu, nampa mwingine, maana wazazi wananisumbua mlangoni kila siku wakitafuta nafasi. Mama alinieleza hayo akiwa amesimama jikoni, bila kunitazama, akichagua mawe kwenye maharagwe. Na mimi nikalishika lile neno. Kiti changu kipo. Bado kipo. Nikiamka nalisema, nikipuliza jiko la makaa nalisema.

Kazi yenyewe, ah. Mtu ambaye hajaifanya hudhani ni kuosha tu. Uanze na maji, na mifereji ya Eastlands ilikuwa na kiburi, leo inatoa kesho haitoi, ikikauka unabeba mtungi kutoka mtaa wa pili. Uchemshe. Uyamwage kwenye karai la bati, uchanganye na baridi. Umgeuze mzee aliye mzito kuliko wewe. Utoe matambara aliyochafua, uoshe mzee, uoshe matambara, uanike, na jirani apite aseme, "Kumbe nyinyi mna mtoto mchanga?" Kisha uji, kijiko baada ya kijiko, maana ukiharakisha anapaliwa. Kisha mkono. Kisha umgeuze tena. Ukikaa kitako tu hivi, anaita. Alikuwa haiti jina, sauti tu inatoka, "Eee," nami nimeshasimama.

Na aibu! Hakuna aliyezungumzia aibu. Sebuleni walimtaja Kuka kama gunia la kuhamishwa. Huyu alikuwa mzee aliyekuwa akipita kijijini watu wanavua kofia, na sasa anavuliwa nguo na msichana wa sekondari. Nilikuwa nikimwosha macho yangu yakiwa dirishani, yeye macho yake ukutani, na siku nyingine chozi linamtoka upande ule wa uso ambao haukuwa umekufa. Utani uliisha. Tangu aje Nairobi hakuniita tena mke wangu, hata mara moja. Nilijua kwa nini, na ilinikata maini.

Siku moja, ulimi wake ukiwa mzito lakini maneno yanasikika vizuri, akaniuliza, "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini, Kuka."

"Na mjukuu wangu yule mkubwa?"

Mjukuu mkubwa alikuwa kwenye kona, nilikuwa nasikia kicheko chake kutoka pale pale kitandani. "Ametoka kidogo," nikasema.

Kuka akavuta pumzi. "Kwetu mzee huoshwa na wanawe," akasema. "Na wajukuu wa kiume. Si wewe, mama. Si wewe."

Nikatoka mbio hadi kwenye kona, mikono ina povu. Kaka alikuwa ameegemea ukuta, kofia kichwani, anapewa stori.

"Niaje, siste."

"Niaje nini? Njoo umgeuze Kuka. Amesema ni kazi yako."

Wenzake wakapiga miluzi. Kaka akacheka, akawatazama kwanza wao, ndipo akanijibu. "Mimi? Zii! Hiyo ni kazi ya madem."

"Ati ya nani?"

"Ya madem, nyinyi wasichana. Enda, maji yatapoa."

Nilitamani nimmwagie hilo karai. Jioni baba aliporudi, kabla hajavua viatu, nikamwambia: "Baba, Kuka anasema mzee huoshwa na wanawe."

"Hayo ni ya kijijini," baba akasema, akifungua gazeti.

"Na ya mama kutomgusa Kuka ni ya wapi? Ya mjini?"

Gazeti likashuka. Mama aliyekuwa akisonga ugali akaacha kusonga. Baba akanitazama juu yake, nikajua nimevuka mpaka. Mila ile ile moja, amekata kipande kinachomfaa, kingine amekitupa nyuma ya nyumba. Akasema Kuka amechanganyikiwa, ugonjwa umempanda kichwani, na mimi niache mdomo. Nikaenda kuchemsha maji ya jioni. Nilikuwa nimekasirika mpaka nikaunguza kidole.

Likizo ya Aprili ikaja. Wasichana wa darasa langu walikuwa wakipita kwetu wakielekea mtaa wa Umoja kusukwa nywele, wananisimulia mwalimu mpya wa hesabu, nani alifeli, nani ana mchumba. Nilisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Mmoja akaniambia kiti changu wameanza kukiwekea mifuko. Moyo uliniruka! Nikapiga pasi sare yangu mara hiyo hiyo, ingawa sketi ilikuwa imepanda juu ya magoti na shati halifungi vizuri kifuani.

Wiki ya kufungua shule, baba akala ugali wake, akanawa, akasema polepole kama mtu anayezungumzia hali ya hewa: "Nimeonelea tuvute hadi Agosti. Mzee ameshakuzoea."

Sikulia. Nilimtazama mama tu. Mama akakusanya sahani, akaenda zake jikoni, nikasema basi, imeisha, kiti kimekwenda. Nilimkasirikia yeye kuliko baba, sijui kwa nini. Labda kwa sababu baba nilikuwa nimemzoea.

Asubuhi ya kufungua, mama hakwenda kibandani. Nilishtuka kumkuta jikoni jua limeshatoka, maji yamechemka, karai liko tayari. "Vaa sare," akaniambia. Sikuuliza mara mbili. Nilipotoka nimeivaa ile sare ya kubana, mama alikuwa uani, leso amejifunga kiunoni badala ya kichwani, karai amelibeba kwa mikono miwili, anaelekea ekstensheni.

Baba alikuwa mlangoni anafunga tai. "Wewe, unaenda wapi?"

"Kumwosha babako."

Jamani! Majirani wawili walikuwa kwenye mfereji, mtungi wao ukajaa ukamwagika, hakuna aliyeufunga.

"Umepata wazimu?" baba akasema. "Unataka kututia mkosi? Utamvua baba mkwe wako nguo?"

"Mtoto huyu anaenda shule," mama akasema. Sauti hakuipandisha. "Mzee hawezi kukaa na uchafu. Kama hakuna mwanamume nyumba hii, basi nitaingia mimi, na huo mkosi utupate sote."

Akasonga. Kutoka ndani Kuka alikuwa amesikia yote, na sauti yake ikatoka, ile nzito, imejaa hofu: "Mama, usiingie! Mama, nakuomba, usiingie!" Mama alikuwa analia sasa, machozi yanashuka, lakini miguu haisimami. Nilimwona akiinua mguu kuvuka kizingiti. Namwambia yeyote anayesoma haya, mama yangu hakuwa akitishia tu. Angeingia.

Baba aliuvuka ua ule kwa hatua ambazo sikujua anazo. Akamnyang'anya karai, maji yakamwagikia tai na viatu vyake vya kung'aa, akaingia, akasukuma mlango kwa kisigino.

Nilipaswa kukimbilia shule. Badala yake nikaenda dirishani, maana niliogopa atamwumiza mzee. Hajui kumgeuza, nilijiambia. Atamtia sabuni machoni. Basi nikachungulia, na nilichokiona kimenikaa mpaka leo. Baba alikunja mikono ya shati. Akapima maji kwa kiwiko. Akamlaza Kuka kwa upande mzima, akatia mto nyuma ya mgongo, kitu ambacho mimi nilikivumbua baada ya wiki nyingi za kumwangusha. Akaanza na uso, akashuka, akifunika kila mahali alipomaliza, kwa hiyo mzee hakuwa uchi hata kidogo. Alikuwa akimsemesha kwa Kiluhya, taratibu. Na Kuka alikuwa amefumba macho, ametulia.

Alikuwa anajua! Baba yangu alikuwa anajua. Baadaye Kuka ndiye aliyenieleza: baba akiwa kijana, walimwosha pamoja babake Kuka mpaka alipoaga, na yeye Kuka ndiye aliyemfundisha, anza na uso, funika ulipomaliza. Watu husema ningefurahi kuliona lile. Sikufurahi. Hasira ilinipanda pale pale dirishani. Angekuwa hajui ningemsamehe pale pale.

Nilikimbia hadi shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa darasani kwetu, amesimama, na kando yake msichana mgeni na mzazi wake. Aliniangalia kuanzia viatu hadi sketi ile fupi. "Kidogo tu ungechelewa," akasema. "Kaa." Nikakaa. Nikasimama. Darasa likacheka. Nikakaa tena, nimeshika kiti kwa mikono yote miwili.

Kwa wiki kadhaa baba alimwosha Kuka asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mimi nilishika zamu ya jioni nikitoka shule. Kaka bado alikuwa anatafuta kazi. Mchana mama aliomba jirani mmoja mzee awe anachungulia. Na habari zikaenea mtaa mzima: mwanamume wa tai anamwosha babake kwa mikono yake! Wanawake walikuwa wakimsimamisha baba njiani kumpongeza. Mimi nikipita na mtungi wa maji wananiambia, "Una bahati wewe, baba kama huyo hapatikani." Naitikia, ndiyo, shikamoo, napita.

Jumapili moja mchungaji akamwita baba mbele. Akasimulia kanisa zima: huyu ndugu hakumwachia mtu baba yake. Akasema tumpigie makofi ya kilo, yaani yale ya nguvu. Akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakamshika mkono. Mimi na mama tulikuwa benchi la katikati. Mama alipiga makofi kidogo, nyuma ya wengine. Nami nikapiga. Ningefanya nini?

Kisha wakampa baba nafasi ya ushuhuda. Akashukuru Mungu. Akasema si rahisi, lakini mzazi ni mzazi. Akasema kwamba sasa kazini wanamlaumu kwa kuchelewa, na kwa hivyo amewaza na kuomba, na kuanzia kesho binti yake atarudi kumshika mkono kwa muda tu. "Maana huyu mtoto," akasema akitabasamu kuelekea benchi letu, "Mungu amempa kipaji cha huduma."

"Amina!" kanisa likasema.

Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka tu kwamba vichwa vyote viligeuka na mimi nilikuwa juu yao. "Sina kipaji, baba," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nina shule kesho."

Khai! Mchungaji akakohoa. Mtu nyuma akasema, "Mtoto wa nani huyu?" Mama alinishika sketi anikalishe, nikahisi kitambaa kinavutika. Nikasema moyoni, haya, imeisha. Kisha akaiachia. Benchi likalia, na mama alikuwa amesimama kando yangu, mkoba kifuani.

"Mwulizeni kaka yake amepewa kipaji gani," akasema. "Maana na yeye yuko nyumbani."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa bibi mmoja wa kiti cha mbele, kisha akina mama wote. Baba alibaki mbele na kipaza sauti mkononi. Hakusema tena habari ya kesho.

Jumatatu asubuhi nilivaa sare. Nilipopita ekstensheni nilisikia kaka akilalamika kwamba maji yanaunguza, na baba akimwambia, pima kwa kiwiko, anza na uso. Sikusimama kusikiliza zaidi. Nilitembea haraka, halafu nikakimbia, na kila nikifika pembeni nageuka kuangalia nyuma. Hakuna aliyenifuata. Siku nzima nilikaa kwenye kile kiti, mwalimu mpya wa hesabu akiandika ubaoni, nami nikisikiliza kama kuna mtu ananiita nyumbani.